Kwale wa Upande Wetu Amechafuka

Kambi ya mtoni, Kugaaruk
11 Juni

Mpendwa dada Alasuaq,

Sasa hivi mwanao Tulugaq amejigaragaza kwenye tope hapa mlangoni, kisha akapanda juu ya sanduku akakoroma kama kwale dume. Nimecheka, halafu machozi yakanitoka. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza, hujambo huko kusini? Kikohozi kimekuachia? Sisi afya tunayo, samaki wapo, ila moyo wangu hautulii.

Unamkumbuka kwale wa theluji wa kwenye jiwe letu? Amerudi na jike. Jike kashavua manyoya meupe ya baridi, kawa rangi ya majani makavu, unaweza kumkanyaga usimwone. Dume alibaki mweupe pe juu ya jiwe, ardhi yote nyeusi, akifukuza madume wenzake huku mwewe wanamwona toka mbali. Nilikuwa namwonea huruma.

Shemeji yako Inuksaq alivuka mto juu ya barafu kwenda kuwinda kulungu. Mama mkwe alimwonya: "Huyo dume akijipaka tope, ujue jike anataga na barafu ya mto imekwisha nguvu. Usivuke tena!" Naye akamtania: "Haya mama, nitamtazama kwale kuliko mke wangu."

Leo asubuhi dume wetu amejipaka tope mwili mzima.

Ninachoogopa ni hiki, dada. Ng'ambo kuna kivuli cha mlima, theluji huchelewa kuyeyuka, kwale wa kule bado weupe. Atawatazama hao, aone muda anao, aingie mtoni. Na nyuma ya mlima redio ya upepo tunayoongea nayo haishiki. Mama mkwe anamwita tangu asubuhi mpaka sauti imekauka. Barafu nayo inapasuka, naisikia nikiwa hapa hapa.

Akibaki huko, nyama anayo, tutamfuata na boti mto ukifunguka. Asivuke tu. Naamini atapanda kilimani kutuita kabla hajafunga mizigo, ndiyo kawaida yake.

Msalimie shangazi Nilaulaq na wanawe. Mungu akufungue kifua, urudi tuokote mayai ya bata pamoja kama zamani. Tulugaq anakubusu na tope lake. Mimi ni mdogo wako akupendaye

Ngoja, mama mkwe anapiga kelele: "Qaunaq! Tupa kalamu, we mtoto! Mumeo yuko redioni, anauliza kwale wetu ana rangi gani!"

Dada, kauliza mwenyewe! Nakimbia kumwambia asi