Sufuria ya Zainabu

Kanduyi

Mjukuu wangu Nekesa,

Sisi tuko salama, ni mgongo wa babu yako tu unaomsumbua. Umeniuliza kama hapo shuleni Kitale ni lazima uwapikie wale watoto watatu Waislamu kando.

Nilipokuwa mpishi wa shule, siku moja tulichinja kuku wenyewe, hatukuita Mwislamu atuchinjie. Zainabu wa darasa la pili akakataa mchuzi. Nikatoa vipande vya nyama, nikamrudishia bakuli.

"Sasa kula, nyama nimetoa."

"Asante, mama," akasema, akala ugali mtupu na maji.

Mtoto alinishukuru kwa chakula ambacho sikumpa.

Kesho yake nilibeba sufuria yangu ya nyumbani, nikampikia maharagwe. Mama yako atakuletea hiyo sufuria. Ni ndogo, lakini watoto watatu itawatosha.

Kukhu wako