Jina la Papa Kasongo

Jumanne

Ilunga wangu! Bado naandika jina lake pembeni mwa kila ukurasa kama msichana wa shule. Leo jina hilohilo limetuponza.

Baba yake, Papa Kasongo, alibeba mizigo kwenye ghala la Clairwood, huku ugenini, mpaka akafa. Mafao yake yamekaa miaka yote bila mtu kuyadai, na sheria inamruhusu mtoto kuyachukua. Kwa fedha hizo tulitaka dada yake Ilunga, anayeugua moyo kule Lubumbashi, aje atibiwe hapa. Hatuna njia nyingine.

Karani wa ofisi ya mafao alitazama karatasi zetu. "Wewe Ilunga, yeye Kasongo. Ni baba yako vipi?"

"Kwetu kila mtoto iko na jina lake, Madame. Mimi nilipewa la babu."

"Eish! Hapa mtoto anabeba jina la baba. Lete cheti cha kuzaliwa."

Cheti kiliungua pamoja na nyumba yao. Nilitaka kumwonyesha masikio ya mume wangu, yaleyale ya Papa kwenye picha, lakini Ilunga alinishika mkono. Mkono wake mzuri, wenye joto siku zote, ulikuwa baridi.

Tulitembea mpaka kwenye roboti ya Warwick, tukasubiri taa iwake kijani tuvuke. Nikamtania, "Sheri, mtoto wetu tutamwita Kasongo, babu yake arudi."

"Hapana. Ataitwa Ilunga kama mimi. Siku nikifa, asiulizwe mimi ni nani wake."

Nikavuka naye barabara. Tangu harusi nimekuwa nikimwita huyo mtoto Kasongo, kimoyomoyo, hata kabla hajaja.