Wote Wanamkoholea Mpole

Nyuma ya karakana ya useremala,
Chumba cha pili kushoto.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeona niipokee mapema, maana ukija kukumbuka mwenyewe nitakuwa nimeshazikwa. Unaandikiwa na bingwa wa drafti, mtu ambaye hajafungwa tangu akae kwenye kiti cha ubingwa.

U hali gani? Mgongo umeacha kulalamika? Na yale meno ya bandia, bado unayavua mbele za wageni? Mimi mzima, ila goti la kulia limeanza kutabiri mvua na halipatii hata siku moja. Mikato ya barua hii nimeiweka kila nilipopumzika, usinisahihishe.

Sasa, ule ubingwa. Nimekudanganya. Jumamosi nimefungwa, tena na Mpole, yule fundi baiskeli anayeomba radhi kila anapokula kete yako. "Samahani mzee, nakula hii." Anakula. "Samahani tena, na hii." Heri angenitukana.

Miaka tisa nimekalia kiti cha bingwa dukani kwa fundi cherehani. Unakijua, kile chenye mto, dirishani, kwenye mwanga. Tangu nistaafu ndipo ninaposhinda kutwa. Aliyeshindwa anapelekwa benchi la ndani, kati ya suruali ambazo wenyewe hawajazifuata. Huko, kwa macho yangu haya, sioni hata bao. Nasikia tu watu wakicheka.

Lakini kinachoniuma zaidi ni vikohozi. Fundi cherehani ana sheria: watazamaji wasiseme neno. Basi watu wamejifunza kukohoa. Ukitaka kusogeza kete vibaya, rafiki yako anakukoholea, unarudisha mkono. Jumamosi Mpole alipogusa kete siyo, fundi akakohoa, kinyozi akakohoa, na mama mmoja aliyekuja kupunguziwa gauni, hamjui Mpole wala mimi, naye akakohoa! Nikauliza kama tuite daktari. Ikaja zamu yangu, nikapitiwa, sikula kete iliyokuwa wazi, na pale ukiacha kula, kete yako inatolewa. Duka zima kimya. Vifua vyote vimepona.

Na shemeji yako alikuwepo! Alileta mapazia yakunjwe pindo. Njiani nikamuuliza, "Mama watoto, hata wewe?"

"Miaka tisa unashinda wewe tu. Mwache mwenzio naye apate."

"Ndiyo ushindwe kukohoa?"

"Sikuwa na kikohozi."

Kwa Mpole alikuwa nacho. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Huyo Mpole amewafanyia nini? Baiskeli ya kinyozi kaitengeneza mara nne na mnyororo bado unatoka. Nimewaza mpaka kichwa kimeuma, na nadhani si yeye wanayempenda. Kila mtu mle dukani ana mtu anayemfunga yeye kila siku. Fundi ana mwenye nyumba, kinyozi ana saluni mpya ya ng'ambo ya barabara, shemeji yako ana mimi. Mpole akila kete yangu moja, wote wameshiba.

Na nikuungamie jambo. Miaka tisa nyuma, nilipomng'oa mwalimu mkuu mstaafu kwenye kiti kile, walinikoholea mimi mpaka vioo vikatikisika. Nilidhani ni kwa ajili ya uso wangu mzuri. Mwalimu mkuu hakurudi tena dukani. Sikuwahi hata kuuliza alikwenda kukaa wapi.

Basi nikajipa moyo kwamba mnyonge sasa ni mimi, zamu yangu kukoholewa. Wapi! Leo asubuhi nimecheza na kinyozi ili kunyoosha vidole, nikakosea mara tatu, hakuna aliyesafisha koo. Nikalalamika. Fundi akacheka: "Wewe mzee mnyonge? Wewe ni simba aliyeng'oka jino!" Mpaka sasa sijui kama alinisifu.

Marudiano ni Jumamosi ya tarehe 28, saa kumi jioni. Nikifungwa tena, sheria ya duka ni kusubiri mwaka mzima, na kwa umri wangu mwaka si kitu cha kuahidiana.

Msalimie mkeo, binti yako muuguzi, na yule mkweo dereva asiyejua kurudi nyuma. Mungu awatunze nyote, na wewe akubakishie hizo nywele sita.

Kabla sijabandika stempu. Unakumbuka siku tuliyokwenda kukuposea, baba mkwe akauliza kama unakunywa pombe, nawe ukafungua mdomo kusema kweli? Nani alikohoa? Nilikohoa mpaka wakaniletea maji, na mke unaye hadi leo. Sasa na wewe nikoholee. Hiyo tarehe 28, saa kumi na robo, piga simu ya fundi. Huwa anaiweka sauti ya juu kwa ajili ya kelele za cherehani. Mwambie unamtaka kaka yako. Usiulize bao limekaaje, wewe hulioni na mimi silioni vizuri. Kohoa tu, mara moja, kwa nguvu, wasikie kwamba na mimi nina mtu.

Wako akupendaye, kutoka benchi la suruali,

Kaka yako.