Kiingereza Hakitakiwi Wodini

Kitale, Alhamisi, Julai 1951

Mvua imenyesha tangu asubuhi na haina dalili ya kuchoka. Mahindi ya Bwana, Mzungu mwenye shamba, yamesimama majini. Mama mkwe amelala chumba cha pili, mguu ameuweka juu ya gunia lililokunjwa, na anapumua vizuri. Mimi nimeketi karibu na mlango niandike kabla giza halijaingia, maana nisipoandika nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Nina hasira. Nina hasira hata herufi zangu zimepinda.

Mwaka wa tatu sasa tangu nitoke kwetu Bungoma, kwa Wabukusu, kuja kuolewa na Ndiwa, Msabaoti wa mlimani, dereva wa trekta katika shamba hili. Shangazi zangu waliniambia nisihofu lugha ya watu. Ati lugha ya mume huingia pamoja na chakula chake. Nimekula chakula chao miaka yote hii, na kilichoingia ni chakula.

Hata hadithi za bibi zilinidanganya. Sungura anaingia nchi ya tembo, na siku hiyohiyo anapiga nao soga. Msichana anaolewa na zimwi, na kabla hajaketi wanasemezana kuliko nilivyoweza mimi na mama mkwe kwa mwaka mzima. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza sungura alifundishwa na nani. Kumbe hapo ndipo penye kazi.

Kisabaoti nimekitafuta kwa jasho. Mama mkwe hakunipa kitu ambacho sikuweza kukiomba kwa lugha yake. Alikuwa akishika kibuyu cha maziwa mkononi, ananitazama tu, anangoja. Nilikunywa chai ya rangi siku nyingi mpaka nikajua kuomba maziwa kama anavyotaka yeye, na hata nilipopata alicheka na kuwaita majirani waje wasikie Mbukusu anavyosema. Niliwahi kulia nyuma ya nyumba kwa sababu ya maziwa. Lakini leo akiniambia anaumwa, najua anaumwa wapi, na anaumwa vipi.

Kiingereza kiliingia kwa kiboko. Pale shuleni, ukisikika unasema Kibukusu unavishwa kibao shingoni, na jioni mwenye kibao analala chini kuchapwa. Kiswahili nilikiokota sokoni na stesheni ya reli, nikakisafisha kwa kusoma. Hakuna hata kimoja kilichokuja bure.

Sasa ya leo. Mama alijikata mguu kwa jembe akipalilia, na kidonda kikaoza. Jana mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Leo alfajiri Ndiwa akaomba ruhusa, akampakia mama kwenye baiskeli hadi barabarani, na lori la mahindi likatufikisha mjini.

Njiani Ndiwa alinikanya. Kila mtu hapa Kitale anaijua desturi ya Wazungu hawa: hawataki kusemeshwa Kiingereza na Mwafrika. Kwao huo ni ujuvi, ni kujipandisha. Karani wa shamba la jirani alimjibu bwana wake kwa Kiingereza, tena kwa adabu, na kabla ya jua kutua vyombo vyake vilikuwa nje. Sisi nasi nyumba ni ya Bwana, na daktari na Bwana hunywa pamoja klabuni.

"Si unajua hawa watu," Ndiwa aliniambia. "Ongea tu hicho Kiswahili chao, tutoke salama."

Nikakubali. Nataka iandikwe hapa kwamba nilikubali.

Ndiwa alibaki nje, kwa kuwa wodi ni ya wanawake. Daktari alikuwa na sista mgeni, Mzungu kijana ambaye uso wake haujaunguzwa na jua bado. Daktari alikuwa akimpokea kazini, na mbele yetu, juu ya vichwa vyetu, alimweleza kwa Kiingereza habari za lugha. Alisema Kiswahili si lugha ya kumtisha mtu, yeye alikimaliza melini kabla hajafika Mombasa. Alisema lugha za makabila ni milio tu, zote moja. Alisema Kiingereza ndicho kigumu, na kwamba akili ya Mwafrika haikuumbiwa mzigo huo, ukimtwika unamharibu.

Nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeshika kisigino cha mama mkwe, nikatazama sakafu.

Daktari akaukagua mguu kwa uangalifu, hilo sitamnyima. Kisha akachukua kichupa chenye unga mweupe, akatia maji kwa sindano, akakitikisa. Mama akanishika mkono kwa nguvu. Nami pia nilikuwa nimekitambua. Mwaka jana kule mlimani alichomwa dawa hiyohiyo kwa ajili ya jipu, mimi nikiwa kando yake. Uso ulimvimba hata macho yakapotea, koo likaziba, akabadilika rangi. Tulikwisha kuanza kumlilia alipovuta pumzi tena. Muuguzi wa kule alituonya kwamba siku nyingine hatapona.

Nikamwambia daktari kwa Kiswahili, kwa heshima zote, kwamba dawa hiyo mwaka jana nusura imuue, kwamba ilimziba koo akashindwa kupumua.

Aliniangalia kama ninayemwimbia. "Mama hapana ogopa," akasema. "Dawa mzuri sana."

Nikarudia polepole, neno moja moja. Koo. Kuvimba. Pumzi. Nikajishika shingo nikamwonyesha. Akafikiri tunaogopa sindano, au tunaona uchawi, akatikisa kichwa na kumweleza sista kwa Kiingereza kwamba ndivyo walivyo. Nilipoanza mara ya tatu alikasirika.

"Hapana maneno mingi," akasema. "Sema Swahili."

Mimi! Niseme Kiswahili!

Nikajaribu hata hicho chao, Mungu anisamehe. Dawa mbaya, mama nakufa. Lakini kila mgonjwa anayeogopa husema hivyohivyo, ndiyo maana hakikufaa. Kile Kiswahili chake hakina nafasi ya mwaka jana, hakina koo wala kiasi. Kina njoo, kina leta, kina upesi. Mtu amejifunza maneno ya kumtuma mpishi, akadhani amemaliza lugha ya watu, na kwa lugha hiyo anatibu.

Akampa sista sindano. Mama akaanza kuomba, kwa Kisabaoti, akimtaja marehemu mumewe.

Nikasema kwa Kiingereza.

Sikupaza sauti. Nilisema kwamba mama huyu alichomwa dawa hii mwaka jana, kwamba katika muda mfupi koo lilivimba akakata pumzi, kwamba muuguzi alikataza asichomwe tena maishani. Nilisema kama nilivyofundishwa kusimama mbele ya darasa.

Sista alisimamisha mkono palepale. Ni mgeni, hajafundishwa desturi. Akaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika, ni unga huohuo, na ilichukua muda gani. Nikamjibu. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Alikuwa akizungumza nami kama mtu anavyozungumza na mtu, na ilikuwa mara ya kwanza kusemezwa hivyo na Mzungu tangu nihamie huku. Kisha akairudisha sindano kwenye sinia.

Daktari alikuwa amewiva uso na masikio. Si mjinga, alielewa kwamba alikuwa karibu kuua mtu. Alielewa pia, naona, kwamba niliyasikia yale ya melini. Alimwandikia mama vidonge, akaamuru kidonda kioshwe na kufungwa, na kazi ilifanywa vizuri. Hakuniuliza jina wala shule. Hakusema hata nusu ya asante. Tulipokuwa tunamwinua mama, alinisogelea akaninyooshea kidole, akasema lile alilokuwa amelishikilia muda wote.

"Jumatatu hapana kuja wewe," akasema. "Leta mtu najua Swahili."

Nimechapwa kwa kusema Kibukusu, nimechekwa kwa kusema Kisabaoti, na leo nimefukuzwa kwa kusema Kiingereza ili nipishe mtu ajuaye Kiswahili. Niseme kwa kitu gani basi, kwa mikono? Wanasema lugha yao ni mlima tusioweza kuupanda, na ukionekana kileleni wanakuuliza nani amekuruhusu. Ndiwa hajanilaumu. Amekaa uani tangu turudi, ananoa panga ambalo tayari lina makali, na kila gari likipita barabarani anainua kichwa. Najua anachongoja. Huenda kesho Bwana atamwita.

Na je, nikipimwa tena, kati ya nyumba hii na pumzi ya mama? Nitasema tena. Naandika haya nikijua paa hili si letu.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Pale nje ya wodi, tukingoja lori chini ya kijipaa, mama aliniuliza Mzungu alisema nini mwishoni. Nilitaka kumficha. Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitu hakitoki mkononi mpaka kitajwe sawasawa, kwa hiyo nikamfasiria yote, sikupunguza. Nikamwambia daktari anataka Jumatatu tuje na mtu mwingine, anayejua kusema.

Mama mkwe alijikaza shuka mabegani. Safari hii hakucheka namna ninavyosema.

"Sisi tutakuja na wewe," akasema kwa Kisabaoti. "Yeye atakuja na nani?"