Kengele Haikugongwa kwa Mama

Awas Laya,
Pwani ya Karibi,
Nikaragua.
14 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Norvel,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Hawajambo mkeo Sharlin na watoto? Huko visiwani Cayman joto limepungua? Sisi ni wazima, isipokuwa shangazi Kelvina anayesumbuliwa na macho. Mvua imenyesha mfululizo, mihogo imeozea ardhini, tunakula ndizi asubuhi na jioni. Namshukuru Mungu hata hivyo, maana kushukuru nimekuzoea.

Barua yako imenifikia. Unasema utakuja Krismasi, na kwamba mchungaji amekualika usimame madhabahuni utoe ushuhuda juu ya mwana mpotevu aliyerudi kwa baba yake. Unaniuliza kama nimefurahi. Sikufurahi, na nitakueleza kwa nini, maana simu uliyopiga siku ya mazishi ilikatika kabla sijasema lolote, nawe hukupiga tena.

Unakumbuka ulivyoletwa kutoka kwenye boti ya kambakochi. Ulikuwa umepiga mbizi mara nyingi mno kwa siku moja, miguu imekufa ganzi mpaka kiunoni. Hospitali walisema tusubiri. Mchungaji wa wakati ule aliomba, na mama akafunga naye wiki tatu nzima. Kisha akakulaza ndani ya mtumbwi, akakuvusha ng'ambo kwa bibi Tihlina mganga, kwa sababu hapa kila mtu alijua aliyekupiga ni Liwa, yule mwanamke wa majini mwenye hao kambakochi. Ulifukizwa majani, ukaogeshwa, ukanywa. Siku ya arobaini ulisimama. Wiki iliyofuata mama akatengwa na meza ya Bwana.

Miaka kumi na miwili, Norvel. Hakukosa ibada hata moja. Alikaa benchi la nyuma, na meza ilipoandaliwa alitoka akasimama uani mpaka sisi tumalize kula na kunywa. Wanaume wanaopiga wake zao walimpita mlangoni wakienda mezani. Wewe hukuyaona hayo, ulikuwa umekwishaondoka.

Mwaka huu, alipoona mwili umechoka, aliomba arudi kundini. Wazee wa kanisa walikubali, mradi asimame mbele ya usharika aseme anajuta kukupeleka kwa mganga. Nilimsihi sana. Nilimwambia ni neno moja tu, alitamke tupumzike. Alikuwa anaponda ndizi za uji wa wabul, wala hakuinua macho.

"Nikisema najuta, nimesema najuta mwanangu kutembea," aliniambia. "Watu naweza kuwadanganya. Lakini huyo ninayemwendea, si atanisikia?"

Ndipo nilipokuandikia. Mzee Ambrosio, anayeongoza baraza la wazee, alikuwa ameniahidi kwamba ukiandika mstari mmoja, useme mama alifanya vile kwa ajili yako na unawaomba wampokee, shauri lingeisha. Mstari mmoja. Wewe ukaandika kurasa mbili. Ulieleza giza ulilotolewa, na mashetani, na siku uliyookoka huko Cayman, na mwisho ukasema unamwombea mama yako atubu kabla mlango haujafungwa. Najua ulidhani unamsaidia. Mzee Ambrosio aliisoma barua yote kanisani Jumapili, tena kwa sauti tamu, na kanisa zima likageuka kutazama benchi la nyuma.

Shangazi Kelvina aliinuka, akamshika mama mkono, wakatoka. Pale mlangoni alisema bila kupunguza sauti, "Huyu kilichopona ni miguu tu. Kichwa bado kiko chini ya maji."

Mama alicheka. Sikumsikia akicheka tena baada ya hapo.

Alifariki siku ya kumi na tisa tangu Jumapili ile, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Unajua kwetu mtu akifa kengele ya kanisa hugongwa hesabu ya miaka yake, na majirani huacha kazi wakahesabu. Tulisubiri. Mgonga kengele alikuja akaniambia kwa aibu kwamba amekatazwa. Basi shangazi akachukua nyundo, akashuka chini ya nyumba, kati ya nguzo zake, kwenye lile tungi lako la hewa la kuzamia, linaloning'inia pale tangu uondoke, akaanza kuligonga. Alipofika arobaini mkono ukamshinda, nikampokea mpaka sabini na moja. Kijiji kizima kilisikia. Mchungaji hakuja. Tumemzika nje ya uzio wa makaburi, upande wa bwawa, na zaburi niliisoma mimi kwa kuwa hakujitokeza mwingine.

Nina uchungu, sikufichi. Kanisa hili ndilo lililonibatiza, na hata leo sijui kukaa mbali nalo, hilo nalo linaniudhi. Lakini wewe umeniuma zaidi. Sasa hivi wanafagia uwanja kwa ajili yako, na kasa wa karamu amekwishafungiwa. Wewe uliondoka kwa hiari yako, wanakuita mwana aliyerudi. Mama hakwenda popote. Alikaa palepale, hatua thelathini kutoka mezani, na yeye ndiye waliyemwita mpotevu.

Kuna jambo moja sijakwambia. Siku mbili kabla hajafa mama aliniomba nimsomee barua yako tena. Nilidhani anataka kulia. Alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na miguu je? Hajaandika kama bado inamuuma wakati wa mvua?"

Hukuandika. Nilimdanganya, nikasema umeandika kwamba haiumi tena kabisa.

"Basi," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nalitaka." Akageukia ukutani akalala.

Kwa hiyo njoo. Simama hapo madhabahuni, uwaambie kwamba ulipelekwa kwa mganga, ulikubali, ulikunywa, na hujuti kutembea. Kama watakutenga, tutakuwa wawili, kwa sababu tangu mazishi sijaisogelea ile meza. Kama huwezi, toa ushuhuda wako, kula kasa wao, urudi Cayman, wala usinitafute.

Nisalimie Sharlin, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina. Shangazi Kelvina ametuma salamu zake, ila amezisema kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Mungu, anayewajua walio ndani na walio nje kuliko baraza lolote, akuvushe bahari salama.

Vyovyote utakavyoamua, kaburini utafika. Njia ni ya matope, mtumbwi haupiti wala gari. Itabidi utembee.

Dada yako, ambaye anakupenda na leo inamwia vigumu,
Melvina