Ruhusa ya Kuchelewa

Mandewa, Singida

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na yule mbuzi mweusi ameshazaa? Mimi mzima, nazidi kupendeza, ila kichwa kimevurugika. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipokea lazima uweke sauti kubwa, na jirani yetu Mama Neema atasikia yote, wakati kesi yenyewe ni ya mumewe. Dada Zuhura, msomee mama polepole, usitie chumvi zako.

Jana nilimsindikiza baba mahakamani. Nilivaa lile shati jeupe, mama, hata mawakili walinipisha mlangoni. Nikajua leo shamba la bondeni linarudi. Wapi! Niliposimama kumweleza Jaji mpaka wa shamba unapopita, karani akanivuta shati.

"Kijana, kaa. Leo hatuzungumzii shamba."

"Sasa tunazungumzia nini?"

"Kuchelewa kwenu."

Mimi niliishia kidato cha pili, lakini unajua hakuna jambo linalonipita. Hili limenipita. Baraza la ardhi lilipompa Baba Neema shamba letu, baba alikuwa na muda wa kukata rufaa, ukaisha. Sasa eti kabla ya rufaa aombe kwanza ruhusa ya kuchelewa, na ameshachelewa! Tena kila siku aliyokaa kimya aitolee sababu. Wewe mwenyewe hujawahi kunihoji hivyo, hata siku nilipopoteza ng'ombe.

Jaji akamuuliza baba alikuwa wapi. Baba akajibu taratibu, unamjua: "Mheshimiwa, mama yake huyu bwana alifariki. Nilikuwa msibani kwao. Mtu ana wafiwa wamelala uani, mimi nimpelekee karatasi za mahakama?"

Wakili wao akaruka: kama aliweza kukaa msibani, basi alikuwa mzima, angeweza kuja mahakamani. Nikasema moyoni, tumekwisha, mzee kajifunga mwenyewe.

Jaji akamgeukia Baba Neema: "Ni kweli alikuwa kwenu?"

Wakili alimkanyaga mguu, nimeona kwa macho yangu. Baba Neema akainama. "Ni kweli, Mheshimiwa. Kaburi la mama alichimba yeye. Hakuondoka mpaka tulipoanua matanga."

Jaji akaandika weee, kisha akasema muda umeongezwa. Nikapiga makofi peke yangu, karani akanikata jicho. Kumbe hatujashinda kitu! Shamba bado ni lao, sisi tumeruhusiwa tu kuanza kulidai. Kwa hiyo usipande alizeti kule.

Nje nikamtania Baba Neema: "Mzee, umetusaidia tukushinde?"

Hakucheka. "Shamba siwaachii. Ila msiba wa mama yangu siwezi kuusemea uongo."

Halafu akamuuliza baba kama amekula. Wakaenda zao kula ugali, wakaniacha nimesimama na shati langu jeupe. Sasa mama, huyu ni adui yetu au ni nani? Nimemuuliza baba, kaniambia nikue kwanza.

Msalimie bibi, na mjomba anayechunga huko Itigi, na shemeji fundi cherehani, mwambie suruali yangu asiibane.

Namalizia hapa stendi, barua nampa baba dirishani. Yeye na Baba Neema wamepanda basi moja, wamekaa kiti kimoja. Bahasha ya rufaa ameishika Baba Neema magotini, maana baba akisinzia safarini huidondosha.

Mwanao mtanashati,
Juma