Jina la Bi Zuhura huko Kazan

Kasulu, Jumapili, Oktoba 2014

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu kuta nyeupe za ngome ya Kazan, kule Urusi. Mzee Hamisi, mwenye duka aliyeniazima koti la safari, alinikatiza: "Mwanangu, mke wangu ameombewa ile dua niliyokuagiza?"

Nilikiri kwamba, kwa kuwa mimi ni Mkristo, nilisita mlangoni mwa msikiti wa Watatari, Waislamu wa huko. Watalii wenzangu walivalisha viatu vyao mifuko ya plastiki; mimi nilivua vyangu, kama nivuavyo nyumbani kwa Mzee Hamisi. Bibi wa mlangoni aliiona soksi yangu iliyotoboka, akacheka. Mkalimani alipomweleza ombi langu, aliuliza jina la mgonjwa, kisha akainua viganja.

"Alimtaja Zuhura?"

"Alimtaja, mzee."

"Zuhura! Njoo usikie mwenyewe."

Bi Zuhura alitoka akishikilia ukuta. Nilisimulia upya, polepole. Namshukuru Mungu, zile kuta nyeupe sikuzikumbuka tena.